Klachi Iliyoganda kwenye Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari limekaa bandani miezi mingi, pengine miaka. Umelihudumia, injini imekubali kuwaka na sasa inanguruma vizuri. Unakanyaga klachi, unasukuma gia, nayo inakwaruza na kukataa kuingia. Wengi wakifika hapo huanza kupanga kushusha giaboksi. Ninaomba usifanye hivyo bado. Mara nyingi hakuna kilichovunjika, na klachi nyingi za namna hii huachia bila kufungua hata bolti moja, ila ni lazima kwanza uwe na hakika ya ugonjwa unaoutibu.

Klachi "kuganda" ni nini hasa?

Klachi pleti, yaani sahani yenye pedi inayozungusha shafti ya giaboksi, hubanwa katikati ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) na presha pleti (sahani ya springi inayoikandamiza). Ukikanyaga pedali, foki husukuma rilizi beringi, beringi hukandamiza vidole au springi za presha pleti, na presha pleti hurudi nyuma kidogo ili klachi pleti ibaki huru. Nafasi inayopatikana ni ndogo sana, chini ya milimita moja kila upande. Flaiwili na uso wa presha pleti ni chuma cha kusubu kisicho na rangi wala mafuta, kwa hiyo unyevu kidogo tu unatosha kukipandisha kutu. Pedi za klachi nazo hufyonza unyevu na kuushikilia. Gari likisimama muda mrefu huku springi zikibana kwa nguvu zote, kutu huota ndani ya vinyweleo vya pedi na kuzishika kama gundi. Siku unapokanyaga pedali, presha pleti inarudi nyuma inavyotakiwa, lakini klachi pleti inabaki imeng'ang'ania upande mmoja, mara nyingi upande wa flaiwili.

Nitajuaje kama imeganda kweli, au ni tatizo jingine?

Dalili za kuganda ni hizi. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia bila shida. Injini ikiwaka, hakuna inayoingia, au zinaingia kwa makelele, na rivasi ndiyo inayopiga kelele zaidi kwa sababu katika giaboksi nyingi za zamani rivasi haina sinkronaizi (kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana), na wakati mwingine hata gia ya kwanza haina. Pedali yenyewe ina uzito wake wa kawaida. Na jambo hili lilianza baada ya gari kusimama. Siku ya mwisho kuendeshwa, klachi ilikuwa nzima.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kama klachi ilianza kusumbua gari likiwa bado linatembea kila siku, kisha ndipo likaegeshwa, basi kutu huenda ni tatizo la pili juu ya tatizo la kwanza.

Sasa ingia chini ya gari. Weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, mwambie mtu akanyage pedali polepole hadi mwisho, nawe utazame foki ya klachi mahali inapotokeza kwenye nyumba ya klachi. Katika magari mengi yenye klachi ya mafuta, yaani inayosukumwa na majimaji badala ya kebo, fimbo ya silinda ya chini (ile iliyo karibu na foki) inapaswa kusogea kama milimita 10 hadi 15. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kipimo halisi. Ikiwa fimbo inasogea kiasi hicho na klachi bado haiachii, tatizo liko ndani. Ikiwa inasogea milimita 3 au 4 tu, au haisogei kabisa, klachi pleti haina kosa lolote. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, nacho hakihitaji kifaa chochote isipokuwa macho na rula. Anayekiruka anaweza kushusha giaboksi na kukuta pleti safi isiyo na doa.

Pedali inazama hadi chini bila uzito wowote. Hiyo nayo ni kuganda?

Hapana. Hapo mafuta yamepungua, kuna hewa kwenye mfumo, au mipira ya ndani ya masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) au silinda ya chini imekufa. Vua kifuniko cha mpira kwenye silinda ya chini; ukikuta majimaji ndani yake, jibu umelipata. Gari lililokaa sana mara nyingi huhitaji mipira mipya kwenye silinda zote mbili, na kubadilisha moja tu ni kujitafutia kazi ya pili, kwa sababu silinda mpya hurudisha presha kamili na ile kuukuu huanza kuvuja.

Kagua pia hosi laini inayounganisha bomba la chuma na silinda ya chini. Hosi ya zamani huweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani imevimba na kuziba. Mafuta yanapita kwa shida wakati wa kukanyaga, au yanapita lakini hayarudi, na pedali inabaki chini.

Nitumie mafuta gani?

Magari mengi yenye klachi ya mafuta hutumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Haya hufyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana kuyabadilisha kila miaka miwili ni desturi nzuri hata kwa gari lisilotembea. Yakimwagikia rangi yataibabua. Osha kwa maji mengi mara moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo mbili, kwa hiyo usiongezee tu juu ya mafuta ya zamani.

Yapo magari yasiyotaka DOT kabisa. Citroën DS, iliyozinduliwa mwaka 1955, ilianza na majimaji mekundu, kisha katika miaka ya 1960 ikahamia kwenye mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM. Mipira iliyotengenezwa kwa aina moja huharibiwa na nyingine. Na kwa gari lolote linalotumia mafuta ya breki, usijaribu kamwe kuweka mafuta ya injini kwenye kopo la klachi, hata kwa dharura. Mipira itavimba na mfumo wote utalazimika kufunguliwa.

Gari langu linatumia kebo, si mafuta. Niangalie nini?

Angalia mchezo wa pedali, yaani umbali inaosogea kabla ya kuanza kuwa nzito. Kwenye Volkswagen Beetle, kwa mfano, ni milimita 10 hadi 20. Mchezo ukizidi, beringi haisukumi presha pleti vya kutosha. Ukikosekana kabisa, beringi inaisha na klachi inaanza kuteleza. Kebo hulegea, hukatika uzi mmoja mmoja, na hukwama kwa kutu ndani ya ganda lake. Magari kama Morris Minor hutumia fimbo na maungio badala ya kebo, na pale kila pini na kila tundu lililolika hula sehemu ya mwendo wa pedali. Pini tatu zilizolika kidogo kidogo zinatosha kufanya klachi isiachie.

Nimehakikisha: foki inasogea vizuri, tatizo liko ndani. Nianzie wapi?

Anza na njia za upole. Ya kwanza ni kukanyaga pedali mara nyingi injini ikiwa imezimwa, mara 30 au 50, kwa nguvu lakini bila kupiga mateke. Kisha ishikize chini kwa ubao uliokatwa kipimo, upande mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye fremu ya kiti. Iache hivyo usiku kucha, hata siku kadhaa. Springi haziikandamizi tena pleti, na mara nyingine mabadiliko ya joto la mchana na ubaridi wa usiku yanamaliza kazi yenyewe.

Pedali ikiwa bado imeshikizwa chini, swichi ya moto ikiwa imezimwa, weka gia ya juu kabisa na watu wawili walisukume gari mbele na nyuma kwa kulitikisa. Mkandamizo wa injini utapinga, na ubishi huo kati ya magurudumu na injini ndio unaovunja kutu. Ukisikia mlio mkavu kisha gari likaanza kuviringika kwa wepesi, imeachia.

Kama haijaachia, washa injini ikiwa nyutro, mahali penye hewa ya kutosha, na iache ipate moto kabisa. Dakika 20 si nyingi. Joto hupita kwenye flaiwili na kukausha unyevu. Zima, shikiza pedali tena, rudia kutikisa. Klachi nyingi huachia katika hatua hii, na hapo hujahatarisha chochote.

Na ile njia ya kuliendesha huku klachi imekanyagwa?

Inafanya kazi, lakini ina masharti, na ninayataja kabla ya njia yenyewe kwa sababu gari lisilo na klachi halisimami unapotaka. Hakikisha breki zinashika. Gari lililosimama hadi klachi ikaganda huenda na breki zake zimekwama au zimekufa. Uwe na uwanja mpana, tambarare, usio na mtu, mtoto wala mnyama mbele yako. Hakikisha swichi ya moto inazima injini papo hapo. Betri iwe na nguvu.

Injini ikiwa ya moto, izime. Weka gia ya pili, kanyaga klachi hadi mwisho na usiiachie. Piga stata. Gari litaanza kutembea kwa nguvu ya stata na injini itawaka likiwa linakwenda. Sasa, mguu wa kushoto ukibaki kwenye klachi, kanyaga mafuta kidogo na uachie ghafla, kanyaga na uachie. Kila badiliko huvuta pleti upande huu na upande ule. Ukizunguka mara kadhaa bila mafanikio, gusa breki kwa ufupi na kwa uthabiti huku injini ikivuta kidogo. Kadiri gia inavyokuwa ya juu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya breki inavyofika kwenye klachi, kwa hiyo kama giaboksi inakubali kupandishwa hadi ya tatu kwa kuachia mafuta na kusukuma taratibu, ya tatu ni bora.

Ikiachia utajua mara moja: injini itapanda mizunguko ghafla na gari litaendelea kuserereka bila kuvutwa. Ikitokea jambo lolote usilolipenda, zima swichi na kanyaga breki. Usihangaike na fimbo ya gia.

Usiende kwa kasi kubwa na usipige breki hadi matairi yafunge. Nguvu ya kupita kiasi huweza kung'oa pedi kutoka kwenye pleti au kuvunja springi za katikati yake, na hapo utakuwa umegeuza kutu kuwa giaboksi ya kushusha kweli. Ekseli na jointi za gari la zamani nazo zina umri wake.

Nimeambiwa niinue magurudumu ya nyuma, niwashe injini kwenye gia, kisha nilisukume gari lianguke kutoka kwenye jeki.

Usifanye. Mtu anaweza kufa, na hata gari likitua salama, mshtuko huo unapita kwenye kila jino la difu na giaboksi. Sina neno la kulainisha hapa.

Naweza kupulizia mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la foki?

Hapana. Mafuta hayo yatalegeza kutu na yataloweka pedi papo hapo. Klachi itaachia, kisha itateleza au kutetemeka kila unapoondoka, na pedi zilizonyonya mafuta hazisafishiki. Kama nyumba ya klachi ina kifuniko cha ukaguzi chini, kuna njia safi zaidi: shikiza pedali chini, zungusha injini kwa mkono taratibu, na uingize ukanda mwembamba wa chuma, kama ule wa kupimia nafasi za valvu, kati ya pedi na flaiwili, kidogo kidogo kuzunguka duara lote. Ni kazi ya subira na vidole vyembamba. Si kila gari linaruhusu.

Je, vumbi la klachi ni hatari?

Ndiyo, na kwa gari la zamani lichukulie hivyo daima. Pedi za klachi za miaka mingi ya karne ya 20 zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu miaka mingi baadaye. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999. Pedi zilizofungwa kabla ya wakati huo, au zilizokaa stoo tangu wakati huo, zinaweza kuwa nayo, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo, na usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, funga kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, na uvae barakoa ya kuchuja chembe ndogo, si ya kitambaa. Nguo ulizofanyia kazi zisiingie ndani wanakocheza watoto.

Imeachia! Je, niendelee kuitumia hivyo hivyo?

Iendeshe kwa upole kwanza. Kutu iliyobaki kwenye flaiwili itasuguliwa na pedi zenyewe, na mtetemo kidogo wakati wa kuondoka ni wa kawaida kwa siku za mwanzo. Ukiisha, furahia gari lako. Ukizidi, au ukisikia kitu kinagonga ndani ya nyumba ya klachi, huenda kipande cha pedi kimebaki kimegandia kwenye chuma. Hapo lazima kufungua.

Imeachia, lakini gia bado zinakwaruza kidogo.

Jaribu hivi: injini ikiwa nyutro na bila mzigo, kanyaga klachi, hesabu polepole hadi kumi, kisha weka rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri na ulikuwa unaharakisha tu. Ikikwaruza bado, kuna kitu kinachoendelea kuizungusha shafti ya giaboksi. Kinaweza kuwa bushi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, ambayo ncha ya shafti hukaa ndani yake; ikikauka hushika shafti. Meno ya shafti yakiwa na kutu, klachi pleti hushindwa kuteleza juu yake na hubaki ikigusa flaiwili. Pleti iliyopinda pia hufanya hivyo. Tofauti na kuganda kamili ni kwamba gari halivutwi kwa nguvu: kwenye gia, klachi ikiwa chini, handbreki inatosha kulizuia bila injini kuzima.

Imekataa kabisa. Nikifungua, nibadilishe nini?

Pleti, presha pleti na rilizi beringi, vyote kwa pamoja. Gharama kubwa ni kazi ya kufika pale, na hakuna anayetaka kurudi mwaka ujao kwa sababu ya beringi moja. Kagua sili ya mafuta ya nyuma ya injini na ya mbele ya giaboksi. Flaiwili yenye kutu nyepesi inasafishwa kwa msasa; yenye mashimo au nyufa za joto ipelekwe ikachongwe. Bushi ya katikati, kama ni ya shaba yenye vinyweleo, iloweke kwenye mafuta ya injini kabla ya kuifunga.

Bolti za presha pleti zilegeze kwa zamu, kila moja mzunguko mmoja, kwa mpangilio wa msalaba. Ukifungua upande mmoja kwanza, utaipinda. Wakati wa kurudisha, weka pleti katikati kwa kutumia shafti ya kulinganishia, na usiache uzito wa giaboksi uning'inie kwenye pleti hata kwa dakika moja. Angalia pia upande wa pleti unaotazama flaiwili. Nyingi zimeandikwa.

Ukubwa wa kazi hutofautiana sana. Injini ya Beetle imeshikwa na bolti nne na hutoka kwa nyuma. Mini asilia inaruhusu kubadilisha klachi injini ikiwa mahali pake. MGB inakulazimisha kuitoa injini.

Gari langu ni la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Haya yote yanalihusu?

Si yote, kwa hiyo ujue klachi yako ni ya aina gani kabla ya kugusa chochote. Magari mengi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yana klachi ya koni iliyovishwa ngozi. Ngozi ikikauka hushika ghafla au hukwama, na dawa yake ni mafuta maalumu ya kulainisha ngozi, jambo ambalo lingeharibu klachi ya kawaida. Hudson ya Marekani ilitumia klachi yenye vipande vya koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa) inayofanya kazi ndani ya majimaji yake maalumu. Ikisumbua, tatizo la kwanza la kutazama ni majimaji hayo.

Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ina klachi ya sahani nyingi ndani ya mafuta ya injini. Asubuhi ya baridi mafuta mazito huzishika sahani na gari hutaka kutembea mara tu injini inapowaka. Hilo si kuganda kwa kutu. Mafuta mepesi na marekebisho sahihi hulipunguza sana, na handbreki nzuri pamoja na kabari ni lazima kabla ya kuwasha.

Naweza kuliendesha hadi kwa fundi likiwa hivyo hivyo?

Lipakie kwenye lori. Barabarani kuna watu.

Nifanyeje isigande tena?

Liendeshe. Kila wiki mbili hadi nne, hadi injini na giaboksi zipate moto, ukitumia klachi na gia zote. Kuliwasha dakika tano likiwa limesimama hakusaidii klachi, na kunaongeza unyevu kwenye ekzosi na mafuta. Usilioshe na kuliegesha papo hapo. Lizungushe kidogo kwanza likauke. Turubai liwe la kitambaa kinachopumua, kwani nailoni hufungia unyevu ndani.

Wapo wanaoshikiza pedali chini kwa ubao kipindi chote cha kuegesha. Kwa miezi michache na klachi ya kebo au fimbo, sina tatizo na hilo. Kwa klachi ya mafuta sipendi, kwa sababu mipira hukaa chini ya presha siku zote, na ikivuja kidogo tu pedali inabaki chini huku klachi imejirudisha na kushika bila wewe kujua. Kama gari haliwezi kutoka bandani, mwombe yeyote aliye karibu nalo aingie mara moja kwa wiki, injini ikiwa imezimwa, akanyage klachi mara kumi, kisha atie gia ya juu na kulisukuma gari mbele na nyuma nusu mita klachi ikiwa chini.